Kibati cha Majimbo

9 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na daktari amekuruhusu kupanda ngazi za Bunge bila fimbo. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imenifundisha kuvaa soksi mbili mbili, na mama mwenye nyumba amenionya kwamba nikiendelea kuwasha hita hivi nitamfilisi. Dada mwalimu msalimie sana. Mwambie picha ya mwanawe nimeibandika juu ya meza ya kazi. Wenzangu wanadhani ni mtoto wangu, nami siwakatalii.

Naandika barua kama ulivyoniagiza, kwa kuwa simu ya mbunge ina masikio mengi.

Haya, la maana. Setilaiti yetu imeshaundwa, imesimama mezani. Ni ndogo, Shangazi, haizidi lile sanduku lako la bati nililokwenda nalo shule ya bweni. Ina kamera ya kutazama mito. Itapita juu ya nchi, ione maji yalivyotanda, na watu wa mabondeni waambiwe kabla mafuriko hayajawafikia. Maabara tumeikodi, watu tupo, lakini fedha za awamu ya pili, za kuirusha, hazijaja. Waziri ametuambia zimekwama kwenye kamati yenu ya bajeti, na kwamba wabunge wanauliza nchi ambayo watoto wake wanakaa chini darasani inatafuta nini mbinguni.

Sikuombi upendeleo. Nimeandika hivyo, nikasoma tena, nikaona aibu. Kusema kweli, naomba.

Ni mimi mwanao.

27 Februari

Mwanangu Bisibisi, marahaba.

Goti langu lina akili. Halinisumbui sokoni wala jikoni, ila likisikia neno kikao linavimba. Dada yako mzima, na mtoto ameota jino la pili, sasa anauma kila anayembeba. Mzee Ng'ambo wa kivukoni anakusalimu. Anauliza kama bado unafungua vitu vya watu. Jina alilokubandika limekuganda kweli. Watu wa huku wakinisikia nasema mhandisi wanauliza mhandisi gani, nikisema Bisibisi wanasema aaa, yule mtoto aliyefungua kapi la kamba ili aone ndani mna nini, akawalaza watu ng'ambo ya mto.

Kivuko ni kilekile. Boti pana ya mbao, kamba mti huku mti kule, na Ng'ambo katikati akivuta kwa mikono yake. Dada yako anavuka kila asubuhi kwenda kufundisha. Daraja niliahidi mimi, juu ya gari, kwenye kampeni mbili, kwa mdomo huuhuu wa kulia chakula.

Nakuandikia hilo ili ujue ulichoniomba. Fedha zilizobaki mwaka huu zinatosha jambo moja: ama chombo chenu, ama madaraja ya vijijini, na letu ndilo lingeanza. Tena kanuni inasema mwenye ndugu katika mradi atoke nje ukijadiliwa. Mimi sikutoka. Niliwaza kutoka, goti likawa zito.

Basi nisikilize. Wabunge hawaipendi mbingu kwa sababu haina wapiga kura. Tuwapelekee wapiga kura wao huko. Tengenezeni kibati, muandike majina ya majimbo ya wote wanaounga mkono, mkifunge kwenye hicho chombo. Nani atakataa kurudi kwa watu wake akasema jimbo lao linaizunguka dunia? Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Wewe nipe kibati, mimi nitakupa kura.

Shangazi yako.

21 Machi

Shangazi, shikamoo, na pole na goti.

Barua yako nilimsomea mkuu wa mradi ile sehemu ya kibati tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akachukua kalamu.

Kibati kimekatwa. Ni cha alumini, chembamba, kinaenea kwenye kiganja. Tatizo ni mahali pa kukiweka. Kila upande wa chombo umeshajaa, umebaki ule ambao antena imekunjwa, inayosubiri kujifungua ikifika juu. Tukakifunga hapo, pembeni kidogo. Tuna mwenzetu wa mitikiso, mwanamama asiyecheka wala kukunja uso, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinacholegea njiani. Yeye alisema kitu kisicho na kazi hakipandi. Nikamjibu kwamba hiki ndicho chenye kazi kuliko vyote, maana bila chenyewe hakipandi chochote. Aliniangalia tu.

Nakutumia pacha wake, tuliyemkata kwa majaribio. Jimbo letu liko kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Nililiomba niliandike mwenyewe.

Mwambie Mzee Ng'ambo kwamba siku hizi kufungua nimeacha, nalipwa kwa kufunga.

Ni mimi.

10 Aprili

Bisibisi wangu, marahaba.

Hapa hatujambo. Mtoto anatambaa, na kila anachokiokota anakipeleka kwenye lile jino. Pacha wa kibati amefika, nimemtundika sebuleni juu ya televisheni kwa misumari miwili. Malori ya mchanga yakipita barabarani anatetemeka na kulia. Nimekunja karatasi nikamchomeka nyuma, ametulia.

Sasa ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wale waliosema setilaiti ni anasa ndio sasa wananivizia mlangoni wakiulizia nafasi kwenye kibati. Mmoja anadai jimbo lake ni kubwa, hivyo herufi zake ziwe kubwa. Wawili hawataki kukaa karibu. Mwenyekiti wa kamati anataka jina la jimbo lake lisomeke bila miwani. Nikamuuliza nani atakayelisoma kule juu. Akasema, Mungu.

Kwa kifupi, kikuzwe. Najua utaguna. Guna, halafu ukikuze.

Dada yako ameniuliza daraja limefika wapi. Nimemwambia kamati inalishughulikia. Hilo si uongo, ni namna ya kusema tunayojifunza tukishakaa bungeni muda mrefu. Alinitazama kama huyo mwanamama wenu wa mitikiso.

Mtaanza lini kukitikisa chombo? Nataka niwe na neno la kuwaambia wajumbe.

Shangazi yako.

2 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nafurahi mtoto anatambaa. Huku miti imeanza kutoa majani na mama mwenye nyumba amenisamehe habari za hita.

Kibati kikubwa tumekifunga. Sasa kinakaribia kugusa mkunjo wa antena, lakini hakiugusi. Wiki iliyopita tulikiweka chombo kwenye meza ya mtikiso, mashine inayokirusharusha kama roketi itakavyofanya. Unasimama nyuma ya kioo umeziba masikio na unasikia meno yako yakigongana. Kila kitu kilishika, Shangazi. Betri zilishika, kamera ilishika. Ni kibati tu kilichoimba. Sauti nyembamba, kama kifuniko cha sufuria maji yakichemka. Tulipozima tukakuta skrubu ya kona moja imelegea.

Ni jambo dogo. Mwenzangu wa mitikiso anataka kiondolewe na tukitikise chombo upya tangu mwanzo. Lakini zamu yetu ya maabara inakwisha, na kuikodi tena ni mwaka ujao, na fedha isiyotumika kufikia mwisho wa Juni inarudi Hazina. Ikirudi Hazina tumekwisha. Tena picha ya kibati mmeshawaonyesha wabunge. Nikikiondoa leo, kesho nani atapiga kura?

Tutalimaliza. Lakini lisitoke nje ya barua hii.

Ni mimi mwanao.

14 Mei

Mwanangu,

Wote wazima. Goti vilevile.

Kura ni tarehe kumi na moja Juni. Atakayesimama kujibu maswali ni mimi, maana ndimi niliyekipigia debe chombo chenu mpaka sauti ikakauka.

Swali langu ni moja na sitaki hesabu. Kibati kimeacha kuimba? Hiki cha sebuleni nilikichomekea karatasi, kikanyamaza wiki nzima, kikaanza tena. Ukiniambia bado kinaimba, nitaomba jambo lenu liahirishwe na fedha ziende kwenye madaraja, na sitakulaumu hata siku moja. Utarudi nyumbani, tutakula tulicho nacho. Ukiniambia kimenyamaza, nitasimama na kusema kimenyamaza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nijibu kwa neno moja, na liwahi.

Shangazi yako.

29 Mei

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo, na tena shikamoo.

Nimefurahi mno kupata barua yako. Huku hali ya hewa imekuwa nzuri ajabu. Hatimaye nimenunua viatu. Vile vya zamani soli iliachia nikiwa njiani, nikaingia kazini kiatu kimoja kikifungua mdomo kila hatua, wenzangu wakacheka siku nzima. Hivi vipya ni vya kahawia, vya kamba, muuzaji aliapa havipitishi maji. Nilibabaika kati ya hivyo na vyeusi. Vyeusi vilikuwa rahisi zaidi lakini vilinibana kidole kidogo, na ulinifundisha mwenyewe kwamba kiatu kinachobana dukani hakilegei nyumbani. Mama mwenye nyumba amevisifu. Amenipa na dawa ya kuvipaka, ipo kwenye kopo la kijani, unaipaka kwa kitambaa kikavu halafu unasubiri.

Mtoto sasa ana meno mangapi? Mwambie dada anitumie picha nyingine, ile ya mezani imeanza kufifia kwa jua. Je, mlirekebisha lile bomba la jikoni? Na yule jirani mwenye jogoo wa saa tisa usiku, bado yuko naye?

Kuhusu kazi, timu ina ari kubwa. Nyaraka zote zimekamilika na zimesainiwa. Mambo yote yako sawa.

Naona posta inakaribia kufungwa, niishie hapa. Msalimie Mzee Ng'ambo.

Ni mimi mwanao akupendaye.

20 Juni

Mwanangu,

Imepita, kwa kura mbili. Waziri alinikumbatia mbele ya wapiga picha na kunikanyaga mguu wa goti bovu.

Barua yako ilifika siku nne kabla ya kura. Niliisoma.

Madaraja yamesogezwa mwaka ujao. Nilimwambia dada yako jioni, alikuwa anapiga pasi sare yake. Aliendelea kupiga pasi palepale mpaka kola ikaungua. Ng'ambo yeye nilimfuata kivukoni. Alisema mwaka ujao si mbali, Mheshimiwa, mikono bado ninayo. Halafu akanivusha bure, nami sikuwa na shughuli yoyote upande wa pili. Tulifika, tukageuza, tukarudi.

Bomba limerekebishwa. Jogoo yupo.

Shangazi yako.

24 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Najua umeandika mara mbili na mara mbili sikujibu. Barua zako ninazo, nimezisoma kuliko unavyodhani.

Roketi iliondoka salama. Tuliitazama kwenye ukuta wa maabara, mkuu wa mradi akilia wazi bila kujificha, nami nikilia. Nilikufikiria wewe na sanduku lako la bati. Chombo chetu kilitolewa kwenye roketi mahali pake na saa yake. Watu walipiga makofi, wakanibeba juu.

Baada ya hapo antena hujifungua yenyewe na chombo hutoa sauti ya kwanza, sauti fupi tu ya kusema nipo. Tulikaa na vipokea sauti masikioni. Kilipita juu yetu, kikaenda, kikazunguka, kikapita tena.

Hakijaongea bado, Shangazi. Wataalamu wanasema ni mapema, kuna vyombo vilivyochelewa vikaja kuongea. Tunasikiliza kwa zamu. Mwenzetu wa mitikiso hayupo tena, alihamishwa kitengo tangu Mei, kwa hiyo zamu zake nazichukua mimi. Usingizi wenyewe haupo.

Mvua zimeanza huko?

Ni mimi.

8 Novemba

Mwanangu,

Mvua zimeanza.

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni, maana sebule imejaa watu waliopoteza nyumba. Dada yako na mtoto ni wazima, hilo lijue kwanza ili usome mengine ukiwa umekaa.

Maji yalikuja asubuhi, shule imeshaanza. Mto ulipanda kuanzia juu, mvua ambayo sisi huku hatukuiona, mbingu kwetu ilikuwa kavu kabisa. Hakuna aliyetuambia. Walimu walipoona maji uwanjani wakawatoa watoto, wakakimbilia kivukoni. Ng'ambo alivusha safari ya kwanza, watoto wadogo na dada yako akiwa na mwanawe mgongoni. Akarudi akavusha ya pili. Watu wakamwambia sasa basi. Akasema walimu watatu bado wako kule. Alipofika katikati mti wa upande wetu uling'oka na kamba ikaenda naye.

Wale walimu walipanda juu ya paa la shule, wakaokoka. Yeye tulimpata siku ya pili, kwenye kona ya mto, kamba bado imemzunguka mkono.

Nilikwenda kwa mkewe. Nilitaka anitukane. Alisimama, akafuta kiti kwa kanga yake, akasema kaa Mheshimiwa, najua goti linakuuma. Sijapata kukaa kwenye kiti kigumu kama kile.

Dada yako anaongea na mimi habari za mtoto tu. Uji uko wapi, nepi iko wapi.

Chombo chenu kimeongea?

Shangazi yako.

15 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliifungua kazini, nikaenda nayo chooni, nikakaa humo mpaka mlinzi akagonga. Mzee Ng'ambo, mimi nilimtumia salamu za utani tu. Sijui niseme nini kwa mkewe. Nimejaribu kumwandikia, kila nikiandika pole mkono unagoma.

Hakijaongea. Hakitaongea.

Serikali imeunda tume. Imekaa wiki tatu na rasimu yao inasema sababu haijulikani, na kwa kuwa hakuna awezaye kupanda kwenda kutazama, itabaki haijulikani. Wanataka nisaini kwamba nakubaliana nao. Kila mtu amefurahi na neno hilo. Waziri amefurahi, mkuu wa mradi amefurahi. Nikisaini, yamekwisha, na nimeahidiwa kazi ya kudumu.

Lakini sababu mimi naijua. Kibati hakikuacha kuimba. Nilikimiminia gundi kwenye skrubu, nikakitikisa chombo tena kwa nguvu ndogo kuliko inayotakiwa, nikaandika kwamba kimepita. Mwenzetu wa mitikiso alikataa kusaini, akahamishwa, nikasaini peke yangu. Kile kibati kililegea njiani kikaibana antena. Sina ushahidi wa kuweka mezani, ila ndivyo ilivyo. Nimekifunga kwa mikono yangu, najua kilivyokaa.

Ukaniuliza, nami nikakuandikia habari za viatu.

Shangazi, wewe hukujua. Ungejua, fedha zingekwenda kwenye daraja. Hata kama lisingekwisha, nguzo zingekuwepo, watu wangekuwepo, lolote lingekuwepo kuliko kamba ile. Nataka niiambie tume kwamba mbunge alidanganywa na mtoto aliyemlea. Lakini wataniuliza kibati kilikuwa wazo la nani. Watauliza kwa nini hukutoka nje ya chumba. Uchaguzi umekaribia, na jina lako ndilo kitu pekee ulichojijengea tangu ufiwe na mumeo na kaka yako, ukaachiwa watoto wawili.

Niambie nifanye nini. Ukisema nisaini, nitasaini.

Ni mimi mwanao.

4 Januari

Mwanangu, marahaba.

Sitakuambia habari za goti. Mtoto anatembea. Basi.

Usiiambie tume kwamba nilidanganywa, maana hukunidanganya. Nilijua.

Siku ulipofungua kapi la Ng'ambo ulirudi nyumbani ukanisimulia habari za paka. Paka wa jirani, rangi yake, alivyokunywa maziwa, alivyopanda ukuta, mpaka giza likaingia, na nilikuwa bado sijajua umefanya nini ila nilishajua umevunja kitu. Watu walikuja na tochi baadaye. Nilipofungua barua yako ya Mei nikakuta soli na kamba na kopo la kijani, niliiweka chini kabla sijafika mwisho. Nikajisemea, kinaimba.

Siku nne nilikuwa nayo. Siku nne nilikuwa na nafasi ya kuinua mkono na kusema tuahirishe. Siku ya kura mjumbe mmoja, kijana, aliniuliza kama chombo kimepita majaribio yote. Niliitoa barua yako kwenye mkoba, nikaishika juu waione, nikasema ninayo hapa barua ya mtaalamu mwenyewe, anasema mambo yote yako sawa. Nilisema mtaalamu. Sikusema mwanangu.

Umewahi kujiuliza kwa nini nilikutaka ujibu kwa neno moja? Nilitaka uongo mfupi, nipate kuuamini. Wewe ukaniletea mrefu, ukashindwa hata kudanganya vizuri, na mimi nikauchukua hivyohivyo.

Nilitaka urudi nyumbani ukiwa mtu aliyepeleka kitu mbinguni. Nilitaka wale waliosema mtoto wa watu hana mbele wala nyuma wainue macho. Daraja lilikuwa la watu wote, na wewe ulikuwa wangu. Nilipima hivyo, nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa miwani. Ng'ambo alikuwa upande wa pili wa mizani na nilikuwa namjua kwa sura.

Kwa hiyo usisaini. Waambie yote, la gundi na la mwenzenu aliyehamishwa, na huyo mama mumrudishie kazi yake. Mimi nitaje. Wazo la kibati ni langu, kukikuza ni kwangu, kukaa kwenye kile chumba ni kwangu. Barua hii wape, nimeiandika kwa wino mweusi ili ipigike nakala vizuri. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anajulikana, usilaumiwe mtungi.

Kazi hiyo ya kudumu watakunyang'anya. Chumba chako kipo, nimekitoa magunia.

Dada yako nimemwambia jana. Alikuwa anapiga pasi. Aliizima, akaisimamisha vizuri, akambeba mtoto akaenda kwa mke wa Ng'ambo. Hajarudi, na sijatuma mtu kumwita.

Kesho kutwa nina mkutano kivukoni. Waliouitisha wanadhani nakuja kuomba kura. Ile karatasi niliyochomeka nyuma ya kibati nimeichomoa. Kutwa nzima leo malori yamepita na kimeimba, nami nimekaa chini yake nikikisikiliza. Kesho kutwa nitakitoa ukutani niende nacho mtoni, nikimpe mke wa Ng'ambo mkononi mbele ya watu wote, aone jimbo lake lilivyoandikwa vizuri, na nimweleze kwamba hiki ndicho tulichokipandisha.

Usinijibu mpaka umeshasema.

Shangazi yako.